Boriti za Moa

Barabara ya mtaani kwetu Ngamiani ilipopanuliwa, nyumba ya mama mkwe wangu ilikutwa katikati ya njia. Tuliambiwa tuibomoe wenyewe, la sivyo katapila litakuja Jumatatu. Mama mkwe hakukililia kiwanja. Alichotaka ni boriti tu, zile ambazo marehemu mumewe alizikata mwenyewe mikokoni Moa kabla hajamwoa, ili tukazisimamishe tena kwenye kiwanja chetu kipya Makorora.

"Mama, hakitavunjika hata kijiti," mume wangu alimwambia.

Niliamini. Kule vitani Burma, yeye na wenzake watatu kazi yao ilikuwa kuvunja madaraja, na tangu warudi nyumbani hawakuwa na soga jingine barazani. Kila mmoja alidai kuwa mwenzake nusura alipue daraja akiwa bado amesimama juu yake.

Wakaja Jumapili asubuhi. Waliteremsha makuti, wakabandua mawe na udongo, wakafukua miguu ya nguzo. Walijua nguzo ipi imebeba nini, na walitaniana mpaka nami nikasahau kuwa ni kwetu kunakobomolewa. Ukabaki ukuta wa mbele, mifupa mitupu, wenye boriti ndefu kuliko zote. Wakaufunga kamba ili waulaze taratibu kama mgonjwa.

Ulikuwa umeinama nusu pale mmoja wao, mcheshi kuliko wote, alipopiga kelele: "Baruti! Laleni chini!"

Mzaha tu. Lakini vitani neno lile halikuwa la mzaha, na miili yao haikungoja kuuliza. Wote wakaachia kamba, hata yeye mwenyewe, wakajitupa kifudifudi barabarani. Mimi nilikuwa jikoni uani, mwiko mkononi. Niliziona kamba zikikimbia mchangani na sikuweza lolote. Ukuta ukaangukia rundo la mawe, nikasikia boriti zikikatika.

Majirani waliangua kicheko kuona wanaume wazima wanne wamelala njiani. Nao wanne wakaanza kucheka, mpaka walipoziona boriti. Mume wangu hakuinuka. Nilitaka kutukana, lakini nimtukane nani?

Mama mkwe akawaendea, akampangusa mwanawe vumbi mgongoni.

"Mmeumia, wanangu?"

"Hatukuumia, mama."

Akaokota vipande viwili vya boriti. Kisha akaja jikoni, akavisukuma chini ya chungu changu cha wali.

"Basi njooni mle," akawaita. "Kuni tunazo."