Bi Kata

Kazini wanamwita Bi Kata. Yeye ndiye anayelinda kompyuta za kampuni dhidi ya wezi wa mitandaoni, na kwa kuwa wenzake karibu wote wanafanyia kazi majumbani kwao, hamwamini mtu kwa sauti. Kila anayepiga kulalamika kwamba nywila imegoma hujibiwa vilevile: "Kata, nitakupigia." Hapo hulamba kidole, akafunua daftari lake, akapiga namba ya mtu huyo aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Karani anayeketi mkabala naye alizoea kumcheka, hadi siku ile binti mmoja alipopiga akilia kwa kwikwi. Bi Kata aliingiwa na huruma, akampa nywila mpya bila kufunua daftari. Kumbe hakuwa mwenzao. Kufikia mchana wezi walikuwa wamefunga mafaili yote, na watu kumi na wawili wakapoteza kazi.

Leo asubuhi iliingia namba ngeni. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, na karani akasikia sauti ya bi kizee ikikwaruza: "Mwanangu, ni mimi mama yako. Nimeazima simu ya nesi, yangu imezima. Sikiliza..."

"Kata, nitakupigia," Bi Kata alisema, akakata mwenyewe, mdomo umeitangulia akili. Akalamba kidole. Akapiga namba ya mama yake iliyomo daftarini. Haipatikani. Akapiga tena.

"Dada, si upige hiyo ya nesi?" karani aliuliza.

Aliitazama ile namba ngeni, akasogeza kidole juu yake. Kisha akarudi kwenye daftari, akapiga ile ya mama yake mara ya tatu.