Kuku ya mama-mukwe na mupira ya radiatere

Mi nilisoma mekanike myaka mbili, kiisha nikaacha masomo. Bantu bengine banasema masomo njo yaliniacha. Mu ile myaka mbili profesere alikuwa anachora motere ku tablo na chaki. Motere ya chaki ni muzuri sana: haitoe moshi, haimwange mafuta, na saa ya kwenda nyumbani unaifuta na kitambaa. Tangu pale minajiitaka mekanisye. Bantu ba avenie yetu bananiitaka majina ingine.

Motokari yangu ilifika Lubumbashi ikiisha kuzeeka mu inchi za bantu, volan ku kuume. Garaji haijaionaka hata siku moja. Minaitengeneza mi mwenyewe mu parseli, chini ya waya ya kuanikia manguo, na kila mara minamaliza, kunabakia bulo za kukazia, mbili ao tatu. Minaziweka mu kopo ya maziwa. Bibi yangu akisikia ile kopo inalia, anasema:

«Papa, endelea paka vile. Siku moja utafunga kapo ya motere, na motokari yote itakuwa mu kopo.»

Sasa, mama-mukwe. Anakaa kwetu, mu nyumba kidogo ya nyuma, tangu bwana yake alikufa. Kwetu, mukwe na mama-mukwe habaangaliane mu macho. Hatupeane mukono, hatukule ku meza moja, na nikiwa na neno ya kumuambia, minaipitishia kwa bibi yangu, hata kama mama iko pale pale na anasikia yote. Njo heshima. Myaka kumi na moja tunaheshimiana, na mupaka leo sijue kama ana meno yote.

Ile mwaka, mutoto-muke wa mudogo yake kule Kasomeno alikuwa anaolewa. Bantu ba upande wa bwana balipaswa kuleta mali ya ndoa siku ya posho, mwisho ya juma, saa sita. Na mama-mukwe njo mukubwa wa familia: kama yee haiko pale, hakuna mwenye kupokea ile mali. Bageni batarudi kwabo nayo, na mutoto-muke atabakia na haya yake. Bibi yangu akasema tupande bus.

«Bus ju ya nini?» nikasema. «Tuko na motokari.»

«Tuko na motokari,» akasema, polepole, sawa muntu anasoma karatasi ya munganga.

«Nitabadirisha mupira za radiatere, zote mbili, nitamwanga mayi mupya. Tutafika mbele ya bageni.»

«Papa, unisikie. Kama mama anakosa ile saa, usirudi tena Lubumbashi. Pita paka mbele mupaka Kilwa, ku ziwa, uanze kuvua samaki.»

Siku ya tano, siku moja mbele ya posho, bibi yangu akaenda soko, mi nikafungula kapo. Mupira za kupitisha mayi ziko mbili, moja ya juu, moja ya chini, na kila moja inakazwa na kolye, ile pete ya chuma yenye bulo. Ya juu niliikaza na nguvu, na wimbo. Ya chini iko mu giza, mukono inaingia lakini macho hayaingie. Nikasukuma mupira, ikaingia yenyewe, ikakamata sawa ndugu mwenye alikuja kulala siku mbili. Mu kichwa yangu nilikuwa niliisha kuikaza.

Mama alikuwa anafagia. Akasimama, akanipa mugongo, akaambia kuku yake:

«We kuku, ile unachokonya hapana mahindi. Ile ni kolye.»

Mi chini ya motokari nikasikia, huruma ikanikamata. Nikajisemea: bazee banafika fasi moja, banaanza kufundisha kuku mekanike.

«Kuku!» akarudilia, na sauti ya juu. «Kule chini, mu giza, kuna kintu inakosa!»

Mu roho nikajibu: mama, kuku yako haikose kintu, inanona. Nikafunga kapo, nikawasha motere, ikaimba. Mama akasikia ile motere, akazania nilielewa, akarudilia kufagia yake. Mangaribi nikaambia bibi yangu:

«Mama anaanza kuchoka kichwa. Anazungumuza na kuku.»

«Iko na nani mwengine wa kuzungumuza naye muchana?» akasema.

Siku ya posho tukatoka saa kumi na moja ya asubui. Kioo ya kuangalia nyuma niligeuza juu, ku plafo, ju macho yangu na ya mama zisikutane kwa bahati mbaya. Bibi yangu mbele, pembeni yangu. Mama nyuma, na kitunga ku magoti. Mu kitunga, ile kuku, zawadi ya mudogo yake. Mulango ya kitunga ilifungwa na kipande ya kaushu, yenye balikata mu pine ya zamani.

«Mwambie mama, kama baridi iko mingi afunge kioo,» nikasema.

Bibi yangu akageuka. «Mama, anasema kama baridi iko mingi ufunge kioo.»

«Mwambie kioo haifunge.»

«Anasema kioo haifunge.»

«Mwambie minajua. Nilipenda paka kuuliza.»

Tulitembea muzuri. Mi nilianza kupiga mluzi. Tulikuwa tulisha kupita katikati ya njia wakati harufu iliingia, sawa ya maharagi yenye mayi ilikauka mu chungu.

«Harufu ya nini?» bibi yangu akauliza.

«Bantu banachoma majani mu pori.»

Kiisha moshi ikatoka mbele, ikafunika kioo yote, sikuona tena njia.

«Bale bantu,» bibi yangu akasema, «banachomea majani yabo mu kapo yetu?»

Nikasimamisha pembeni ya njia. Nikafungula kapo na kitambaa. Mupira ya chini ilikuwa imetoka, inaninginia, na mayi yote ilibakia nyuma ku barabara. Ilikuwa saa tatu na nusu. Bibi yangu akakamata bidon ya mayi, akaanza kurudi ku manyumba zenye tulikuwa tulipita. Namna yenye aliikamata ile bidon, ilikuwa masemi murefu.

Tukabakia bawili. Mama akashuka na kitunga yake, akasimama akinipa mugongo. Mi nikamupa wangu. Ile haikutufikiaka tangu nilioa. Nikatafuta kolye. Hakuna. Nikatafuta tena paka fasi yenye nilikuwa nilisha kutafuta.

Kiisha mama akasema:

«We kuku. Jana nilikuambia.»

Nikainua kichwa. Kuku pia.

«Nilikuambia mara mbili. Kolye iko Lubumbashi, chini ya waya ya manguo.»

Pale njo nilielewa. Jana hakuna kuku yenye ilifundishwa mekanike. Kuku ya kweli ilikuwa imelala chini ya motokari, na turnevisi mu mukono, inasikilia bazee huruma. Haya ikanipanda mupaka ku masikio. Lakini saa ilikuwa inatembea, na kule Kasomeno bageni balikuwa njiani. Na mi pia nikaambia kuku:

«We kuku, umuombe mama samaha. Na umuulize, sasa nifanye nini?»

Mama akangojea kidogo, sawa vile anangojea kuku imalize kutafsiri.

«Kuku, bwana yangu alibeba samaki na lori ku njia ya Kilwa mupaka nywele yake ikakuwa nyeupe. Mi nilikuwa minakaa pembeni yake. Mupira ikitoka, alikuwa anaifunga na kaushu. Anavuta, anazungusha, anavuta tena.»

«Kuku, mwambie sina kaushu.»

«Kuku, kaushu iko ku mulango ya nyumba yako.»

Akaweka kitunga chini, akatembea hatua sita, akageuza tena mugongo, ju hawezi kunipa kintu mukono ku mukono. Nikafika, nikafungula kaushu. Muntu mwenye akili alikuwa anaona mbele nini itafuata. Mi niliona nyuma yake. Kuku ikatoka, ikasimama, ikaniangalia mu macho. Mu ile familia, njo ilikuwa ya kwanza kuniangalia vile. Kiisha ikaingia mu majani mirefu. Nikakimbia hatua tatu, nikawaza saa sita, nikarudi.

Sasa hatukuwa tena na mutafsiri. Nikalala ku mugongo chini ya motokari, nikarudisha mupira, nikaizungusha kaushu. Chuma ilikuwa inaunguza, nililia kidogo, kiume. Nikavuta. Ilitosha ao haikutosha? Nani wa kuuliza?

Mama akakohola, mara moja.

Nikavuta tena. Akakohola tena, mara moja. Nikavuta mupaka vidole vikakufa. Akakohola mara mbili, nikafunga fundo. Namna gani aliona na mugongo, sijaelewa mupaka leo.

Bibi yangu akafika na bidon ku kichwa.

«Mama anagonjwa? Minamusikia anakohola tangu kule ku kona.»

Mi nikapokea bidon.

«Na kuku iko wapi?»

Mama akaangalia mbingu. Mi nikamimina mayi, polepole sana.

Tukatembea sawa bantu banabeba mayai. Mara mbili tulisimama kuongeza mayi, mara mbili kaushu ilikuwa paka fasi yake. Tulifika Kasomeno, saa sita ilikuwa imepita. Bageni balikuwa benye kukaa ku biti bya plastiki, banapanguza jasho, muzee wabo anaangalia saa ya mukono. Mu nyumba, fasi ya mukubwa wa familia ilikuwa wazi. Mama akashuka, akafunga kikwembe yake muzuri, akaingia bila mbiyo, sawa muntu mwenye alipanga kuchelewa. Dakika kidogo, mapundu ya furaha ya bamama ikapigwa. Alikuwa amepokea.

Mi nikabakia inje, banaume bananiletea bukari na samaki, banauliza habari ya njia. Kiisha bibi yangu akatoka. Bageni, akasema, beko na jeep mupya, kesho banarudi Lubumbashi. Balipatia mama fasi: baridi muzuri ndani, kioo inafunga na inafunguka.

«Alikubali?» nikauliza. Nilikuwa minajua muntu mwenye akili atajibu nini.

«Alikataa.»

«Alikataa namna gani?»

«Anasema mu ile jeep, akiona kintu inakosa, hatajua atamwambia nani. Mu yetu, anasema, kuku moja ilibakia.»

Nikabakia na kipande ya bukari mu mukono, sijue kama niile ao niiweke.