Karatasi Ndani ya Maharage

Usiku mzima nilimngoja Léontine pale Kashuga, nimekaa mlangoni pa biro yetu mpya ya kazi na mfuko wa maharage mapajani. Ndani ya maharage mlikuwa na karatasi yenye neno la siri. Yeye alikuwa anakuja kwa pikipiki na flashi ya kompyuta. Kila pikipiki iliyonguruma, nilisimama.

Léontine alikuwa mwandishi wa nyumba yetu ya kusikiliza wanawake waliobakwa vitani, kule Nyabiondo. Ni binti wa wakulima wa Burungu, alijisomesha sekondari kwa kuuza mihogo ya shangazi yake, na hakuna mwanamke aliyelia mbele yake akaona haya. Miaka mitatu aliandika maneno yetu kwenye mashini, kompyuta yetu: jina la aliyetendewa, na jina la aliyetenda kama lilijulikana. Mimi nilipika na kufagia pale. Mimi ndiye niliyemsihi binti yangu Kétsia aseme yake. "Itafungwa kwa neno la siri," nilimwambia. "Hata mwizi akiibeba mashini, hataona kitu."

Mwaka wa 2012 vita vilikaribia, wanawake wengi wakakimbilia Kashuga, na shirika linalotusaidia likatupatia mashini mpya huko. Ile ya zamani tulipaswa kuifuta na kuivunja. Safari tuliipanga kama tunavyokimbia siku zote: mmoja hubeba unga, mwingine chungu, kila mmoja njia yake, ili mnyang'anyi asipate kula. Maneno yafungwe kwa neno jipya. Nililichagua mwenyewe, nikalibonyeza kwa kidole kimoja, herufi ishirini, Léontine akiwa amegeukia ukuta. Flashi akabeba yeye. Neno nikalibeba mimi, siku mbili kwa miguu.

Alifika asubuhi, nywele zimejaa vumbi.

"Mama Kétsia, unazeekea mlangoni?"

"Ni wewe unanizeesha. Ingia, tufungue."

Alichomeka flashi kwenye mashini mpya. Nikamwaga maharage juu ya kitenge, nikaanza kuitafuta karatasi. Kabla sijaiona, kioo kilikuwa kimejaa majina. Mimi husoma polepole, lakini jina la mtoto wangu nalijua.

"Imefunguka namna gani? Neno liko kwangu."

Léontine aliyatazama maharage.

"Niliogopa, Mama. Kama karatasi ingelowa, ao wewe ungeuawa njiani, maneno yote yangekufa. Ulipokwenda kupika, nikaweka kwenye flashi yale yasiyofungwa."

"Na mimi nimebeba nini siku mbili?"

"Nilitaka utulie."

Kisha nikauliza lile nililoogopa kuuliza.

"Kwenye bariyere barabarani, wale wenye bunduki walikusachi?"

"Waliichukua flashi. Walikuwa na mashini mu nyumba."

"Wakakaa nayo muda gani?"

"Muda wa sufuria ya maharage kuiva." Akafuta uso kwa kiganja. "Wakairudisha. Wakasema niwasalimie wamama wa Kashuga."

Nilikusanya maharage moja moja. Karatasi nikaiona, kavu, imekunjwa vilevile. Léontine aliniita mara mbili, sikugeuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kétsia, aliyekuwa anakaa kambi ya wakimbizi hapo Kashuga, kwenye kibanda chenye mlango wa bati. Alifungua kidogo tu, jicho moja na bega. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikuacha hata ile salamu ya kwenye bariyere.

"Jina langu wamelisoma?"

"Wamelisoma."

"Na lile jina lingine nililotaja?"

"Na lenyewe."

Nyuma yake niliona jiko, na sombe, majani ya mihogo, iliyotwangwa nusu.

"Funga vitu vyako," nilisema. "Leo hii twende Walikale kwa mjomba wako. Huko hawatujui."

"Ni nani aliniambia imefungwa?"

"Ni mimi, mwanangu. Na mimi nilidanganywa."

"Na huko Walikale, Mama, utaniambia nini kimefungwa?"

Niliunyoosha mkono wenye mfuko wa maharage. Hakuupokea. Bati likarudi mahali pake, kisha nikasikia jiwe likiburutwa chini, taratibu, mpaka likagota mlangoni.