Mume Wangu Alijua Mama Anaumwa, Akanyamaza ili Mashine Yake Ishinde

Admin, nifichie jina. Najua mume wangu anausoma ukurasa huu. Akijitambua humu ndani, vizuri, atakuwa amejifunza kitu bila kompyuta.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nauza vitenge sokoni hapa Mocímboa da Praia. Nina binti mmoja, tumwite Nuru, ana miaka minne. Mume wangu ni msomi. Alisoma fizikia Maputo, akaenda Ureno kusomea mambo ya data, na mtaa mzima unamwita doutor, yaani msomi mkubwa. Naye hugeuka kabla hujamaliza kulitamka. Aliponioa alihamia kwetu, kama ilivyo kawaida ya huku, kwa hiyo tunaishi nyumba moja na mama yangu. Wali anaokula anaupika mama. Maji ya kuoga anamtengea mama.

Anafanya kazi kwenye mradi wa utafiti hospitalini. Wana mashine ya eksirei ndogo, unaibeba kama begi, na kompyuta inayoitazama picha ya kifua na kusema yenyewe kama mtu ana kifua kikuu. Daktari naye anaisoma picha ileile kivyake, halafu mwisho wa utafiti wanalinganisha nani kapatia zaidi. Jambo zuri, silipingi. Mwezi wa Shaabani walipowaomba watu wajitokeze, mama, kwa kumpenda mkwewe, aliwatangulia majirani wote. Daktari akasema kifua safi. Tukashukuru Mungu.

Ramadhani ikaingia, mama akaanza kukohoa. Tukasema moshi wa kuni. Akakonda mpaka kanga zikawa hazimkai, akawa anaamka shuka limelowa jasho. Nikamwambia mume wangu, "Baba Nuru, mama hali yake siielewi. Mwambie daktari wenu aitazame tena ile picha."

Akanijibu huku anatafuna, "Si alishasema safi? Mpe asali."

Nikampa asali. Na Nuru akaendelea kulala kitanda kimoja na bibi yake, kifua kwa kifua, kama alivyozoea.

Baada ya Idd kubwa mama alikohoa damu pale pale sokoni, mbele ya meza yangu. Hospitali wakapima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Wakampima na Nuru, naye anacho. Mtoto wangu alilazwa, amebaki macho tu, hata kulia hana nguvu. Mume wangu alikuja wodini na uso wa huzuni, akashika mkono wa mama, akamwambia, "Pole mama, tutapambana." Mama akalia kwa furaha ya kuwa na mkwe wa namna ile. Alhamdulillahi, wote wawili wanameza dawa na wanapata nafuu.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita alimleta mgeni kula chakula cha mchana, daktari mwanamke wa huo mradi, ametoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Utafiti umeisha, mashine imefanya vizuri, na mume wangu amealikwa Lisboa kule Ureno kwenda kuielezea. Mama na Nuru walikuwa wamekwenda kuchukua dawa. Naingia na sinia, namkuta anajisifu: "Hata mama mkwe wangu! Daktari kasema safi, mashine ikasema mgonjwa. Nani alikuwa sahihi?"

Nikasimama na sinia langu. "Mashine ilisema lini?"

"Siku ileile aliyopimwa."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jioni yake. Data zote zinapita kwangu." Ndipo akauona uso wangu, akaanza ile sauti yake ya kufundisha wajinga. "Mama Nuru, elewa. Ni regra, sheria ya utafiti. Majibu ya mashine hayatolewi mpaka mwisho."

Yule daktari akaweka glasi chini. "Lakini doutor, tulikubaliana kwamba mashine ikiwa na uhakika mkubwa, mgonjwa aitwe apimwe makohozi. Ulitakiwa utuambie."

"Mngemwita," mume wangu akasema, "daktari angebadilisha jibu lake. Mashine ingeonekana imemzidi wapi?"

Hakushtuka hata kidogo kwa alichokisema. Nikampakulia mgeni chakula. Sahani ya mume wangu nikairudisha jikoni.

Tangu siku hiyo analala sebuleni, na mpaka juzi alikuwa akidhani nimekasirika kwa sababu alinijibu mbele ya mgeni. Jana kanifuata kunieleza kwamba uwezekano wa mtoto kuambukizwa ulikuwa mdogo. Mdogo! Mtu anajua mwale unavyopita kwenye mbavu, hajui kwamba mbavu zile ni za mwanawe. Nilikuwa namwogopa kwa elimu yake. Sasa nikimwona amevaa shati lake jeupe anachomekea mbele ya kioo, nageukia ukutani.

Kuondoka kwake si tatizo, nguo zake nishazifunga. Tatizo ni mama. Mama hajui. Kila akimaliza kuswali anamwombea dua mkwewe, anasema bila yeye angekuwa kaburini, maana anaamini mashine yake ndiyo iliyougundua ugonjwa. Na wiki ijayo watu wa mradi wanakuja kumrekodi video ya kupelekwa Lisboa, aeleze jinsi mashine ilivyomsaidia. Amekubali. Mama mdogo, nilipomweleza, alisema, "Mwache dada apone kwanza, habari hiyo itamrudisha kitandani." Lakini nikinyamaza, mama yangu atasimama mbele ya kamera amshukuru mtu aliyekaa akisikiliza kikohozi chake na kuendelea kula.

Hapa ninapoandika ananiita uani. Hajui Kireno, anataka nimfundishe kusema "asante, mwanangu, umeniokoa" ili wazungu wamwelewe. Amekwishavaa kitenge kipya, anajaribu.

Ndugu zangu, nitoke nikamwambie nini?