Sakafu Kavu ya Albano

Mie nimekaa ukuta mmoja na Albano miaka kumi na mitatu, kwa hiyo asije mtu kunifundisha habari zake. Nyumba yetu ilikuwa Temeke, vyumba sita, korido katikati, na kuta zisizofika juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakupa pole.

Albano alitoka Masasi, akapata kazi kwa wajenzi mwaka mmoja baada ya Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za zege kwenye maghala na sakafu za viwanda. Hawakuziba kwa saruji. Walikuwa na gundi iliyoletwa kwa meli, makopo mawili, na mafundi waliyaita mume na mke. Vipimo viwili vya mume, kimoja cha mke. Kila kopo peke yake linabaki uji tu, hata mwaka mzima. Ukivikoroga pamoja vinapata joto, na kesho yake ni jiwe.

"Zege litapasuka kando, dada Somoe," aliniambia siku moja. "Palipoungwa hapaachii."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Bubu mtu yule, jamani! Mpole, hanywi, hapigi mke, lakini kumtoa neno ni kazi. Mkewe Yuliana alikuwa mcheshi, anaongea kwa ajili ya wawili.

Masika ya mwaka sitini na tisa maji yakapanda kupitia nyufa za sakafu yao. Godoro likalowa, Yuliana kifua kikambana. Akafunga mzigo. "Nakwenda kwetu," alisema. "Siwezi kulala kwenye maji." Albano akambebea sanduku mpaka stendi, akarudi, akasonga ugali wake, akala.

Basi tangu siku ile akawa na kazi moja tu duniani: kukausha sakafu ili Yuliana arudi. Msimamizi wake alimruhusu kuchukua masalia ya makopo. Kila Jumapili akitoka kanisani anapiga magoti, anasugua ufa kwa brashi ya waya, anaukausha kwa jiko la mkaa maana gundi ile haishiki penye unyevu, anakoroga mume na mke kwenye kifuu, anamimina. Masika yakija, maji yanatokea pengine. Anaanza upya. Gundi ikamla vidole, vikatoka malengelenge, na hakuna wa kumpaka mafuta. Nilikuwa namhurumia, kisha hasira zinanipanda. "Albano, hiyo sakafu unataka kuioa?" Anacheka kidogo, anaendelea kusugua.

Miaka minne! Masika ya sabini na tatu sakafu haikutoa hata tone. Nilimsikia amevua viatu, anatembea huku na huku. Kisha akaja kwangu na karatasi, maana mie nilikuwa nimehitimu kisomo cha watu wazima, na yeye alikuwa akikikwepa.

"Andika: Sakafu imekauka. Njoo."

"Hayo tu?"

"Si ndicho alichotaka?"

Barua ikarudi. Kijiji cha kina Yuliana kilikuwa kimehamishwa, watu wamepelekwa kwenye kijiji kipya. Albano aliishika bahasha ile siku nzima. Tukaandika nyingine, maneno yale yale, tukampa Gaudens, mtu wa kwao Yuliana aliyekuwa anakwenda likizo. Albano akanunua kitanda cha futi tano. Akafagia chumba asubuhi na jioni, miezi, na hakuna aliyeingia humo ila yeye.

Jibu likaja baada ya Krismasi. Mwandiko mkubwa mkubwa, wa Yuliana mwenyewe. Kumbe naye kasoma kisomo. Nikasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari:

"Albano, nashukuru kwa sakafu. Kifua kilipona mwezi ule ule niliofika. Nilikungoja uje uniulize kwa nini sirudi, hukuja. Mimi sikukimbia maji. Nilichoka kuongea peke yangu. Huku nina shamba na nina majirani. Sirudi."

"Rudia," akasema. Nikarudia.

Akakaa chini kwenye sakafu yake, akawa anaipapasa kwa vile vidole vilivyochubuka. Sijawahi kuona mtu mpweke hivyo mchana kweupe.

"Dada Somoe, wewe ulikuwa hapo ukutani. Ulijua?"

Nilijua, Mungu anisamehe. Kila jioni nilimsikia Yuliana akimuuliza habari za kazini, akimsimulia ya bombani, akicheka peke yake, halafu kimya. Nilijua hata siku ile namwandikia "Njoo". Miaka minne nimemtazama akisugua nyufa, nikaishia kumtania.

"Mie nitajuaje, Albano?" nikamwambia. "Ya ndani kwa watu mie nitayajuaje?"