Seti Mbili za Bi Salha

Watu wanaomwendea Bi Salha hawasemi kwamba wanakwenda kwake. Wanaaga nyumbani kuwa wanakwenda sokoni, na kweli wanapita sokoni Same, wananunua hata fungu la nyanya ili uongo usitembee mikono mitupu, kisha wanakata kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga. Waislamu wanakuja, Walutheri wanakuja, na wakikutana kibarazani wanaulizana kwanza kama mvua imenyesha huko milimani. Bi Salha hawacheki. Amezoea.

Kazi yake ni karata. Si hizi za kopa na shupaza wanazochezea vijana wa stendi, bali karata za picha za kupigia ramli, sabini na nane, alizorithi kwa mama yake. Marehemu Bi Safia alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Kifaru, na mke wa Mgiriki ndiye aliyekuwa akizipanga mezani kila alasiri mumewe alipochelewa kurudi. Mashamba yalipochukuliwa na serikali, mama yule alifunga virago, akamwachia mpishi wake cherehani moja na zile karata. Majina ya kizungu Bi Safia hakuyashika. Alizipa majina yake mwenyewe. Ile ya jua kubwa na mtoto juu ya farasi aliiita Mtoto wa Farasi, maana yake aliyekwenda atarudi. Ile ya mtu aliyelala kifudifudi na panga kumi mgongoni aliiita Aliyelala, na hiyo haikuhitaji mkalimani.

Lakini Bi Safia hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni nyumbani na msiba mtupu. Kila Aliyelala alipotoka, aliweka kidole gumba kwenye picha, pale mbingu nyeusi inapoishia na mstari mwembamba wa njano unapoanza, akasema, "Tazama hapa, kunakucha." Salha alilisikia neno hilo tangu utotoni, akalirithi pamoja na karata.

Sasa ana miaka hamsini na nane, mume wake yuko kaburini, na mtoto Mungu alimpa mmoja tu, Sharifa. Mwezi wa Januari Sharifa alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Alikwenda na rafiki yake Jenifer, binti wa Dorkas, mkulima wa tangawizi kule Mamba milimani. Wasichana hao walijuana kwenye mafunzo ya ushonaji hapo mjini, wakapata wakala mmoja, wakapangiwa nyumba moja, Sharifa jikoni na Jenifer kwa watoto. Kila Ijumaa walipiga simu ya picha, mashavu yamebanana kwenye kioo, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Kisha Ijumaa moja hawakupiga. Leo ni wiki ya kumi na moja.

Wale mama wawili walikwenda kila ofisi yenye kiti na mhuri. Waliambiwa waandike barua, wakaandika. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri. Namba ya wakala haipatikani, na mlango wake huko Dar, kwa maneno ya mpwa wa Dorkas aliyetumwa kuuangalia, una mpangaji mpya anayeuza mapazia.

Ndipo Bi Salha alipofanya jambo ambalo mama yake alimkataza. Mganga hajigangi, alimwambia, na kila mtu anaijua methali hiyo mpaka siku mtoto wake anapopotea. Alitandika mkeka chumbani, akazichanganya karata, akauliza: Sharifa yu hai? Akavuta. Mtoto wa Farasi. Alilia kwa furaha mpaka ushungi ukalowa. Kesho yake akauliza tena, Mtoto wa Farasi. Siku ya tatu alipomwona yule mtoto anamchekea juu ya farasi wake, hakulia. Alishikwa na woga.

Kabatini kulikuwa na seti nyingine. Sharifa aliiagiza mtandaoni alipokuwa Dar akisubiri viza, akaituma kwa basi na ujumbe: "Mama, zile zako zimechoka. Hizi ni zile zile, wamezichapisha upya." Bi Salha alishukuru kama mzazi, akaiweka chini ya mashuka na hakuigusa tena. Nani aulize jambo zito kwa kitu kinachonuka plastiki?

Siku hiyo aliitoa. Alizipanga seti zote mbili mkekani, picha kwa picha, ya kale kushoto na mpya kulia, akainama juu yake asubuhi nzima. Michoro ilikuwa ile ile, hakuna aliyeongeza wala kupunguza mtu. Lakini za mama zilikuwa nene na laini kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, na rangi zake zimepoa. Mpya ziliteleza, zikang'aa, na wekundu wake ulipiga kelele. Alipofika kwa Aliyelala alistuka. Kwenye karata mpya ule mstari wa mapambazuko ulikuwapo, njano kabisa. Kwenye ya mama haukuwapo. Palibaki karatasi nyeupe, imelika. Gumba la Bi Safia lilikuwa limewaonyesha watu wengi mno.

Kisha akazigeuza zote, migongo juu. Seti mpya ilikuwa migongo sabini na nane isiyo na tofauti hata ya unywele. Ya kale kila mmoja ulikuwa na sura yake. Huu ulitafunwa na panya kwenye kona, na kabla hajaufunua mkono wake ulijua: Mtoto wa Farasi. Huu una kovu la moto wa koroboi upande wa kushoto: Aliyelala. Huu una doa la chai, huu mkunjo, huu alama ya jino la Sharifa alipokuwa anaota meno. Alikuwa akizijua zote. Alijaribu kukumbuka katika miaka thelathini Aliyelala ametoka mara ngapi mikononi mwake, akakumbuka mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwa wateja waliomuudhi.

Hakuwahi kukusudia kumdanganya mtu, hilo naliapia kwa niaba yake. Alimwonea huruma aliyekaa mbele yake, na vidole vikafanya kazi ya huruma bila kumwomba ruhusa. Lakini sasa aliyekaa mbele yake alikuwa yeye mwenyewe, na huruma yake haikumfaa kitu. Seti ya kale ilimjua mno, haikuweza kumwambia kweli. Seti mpya haikumjua, na ndiyo maana aliiogopa. Isitoshe ilitoka mkononi mwa Sharifa, na ikimtamkia vibaya angeishi vipi nayo chini ya mashuka yake? Mara tatu alinyoosha mkono juu yake, na mara tatu akaurudisha.

Alipokuwa katika hali hiyo Dorkas alipiga hodi.

"Karibu, Mama Jenifer."

"Ahsante, Mama Sharifa. Mchungaji akijua nimekanyaga hapa tena!"

"Atajuaje? Umenunua nyanya?"

"Nimenunua." Dorkas alitua fuko la tangawizi mlangoni, akavua viatu, na kicheko chake kikaisha kabla hajakaa. "Niangalizie, mwenzangu. Silali. Nikiwa shambani nasikia simu inalia, nakimbia, kumbe ni ndege."

Bi Salha alichukua karata za mama yake. Aliapa moyoni kwamba leo atavuta bila kutazama. Kisha akaona kucha za Dorkas zilizojaa udongo wa Mamba, na macho yale yaliyokesha, na kona iliyotafunwa na panya ikawa tayari kati ya vidole vyake.

"Mtoto wa Farasi," alisema.

"Yesu wangu asante!" Dorkas alijifunika uso kwa kitenge. Alilia, akacheka, akataka kujua kama farasi yule anakuja mbio au anatembea.

Bi Salha aliitazama furaha ile akaionea wivu. Wazo likamjia kwamba mkono wa mwingine hauna huruma iliyozoea. Nyumba ya mabinti ni moja, jibu lao litakuwa moja. Alizichanganya karata upya, akazitandaza.

"Na mimi nivutie, Mama Jenifer. Niulizie Sharifa wangu."

"Mimi? Mimi sijui chochote!"

"Ndiyo maana."

Alipaswa kufumba macho. Alikusudia kufumba. Mkono wa Dorkas ulizunguka, ukasita, ukavuta, na Bi Salha akaliona kovu la koroboi upande wa kushoto. Aliuwahi mkono wa Dorkas kwa kiganja chake.

"Iache hapo. Usifunue."

"Kwani inasemaje?"

"Inasema vizuri. Watarudi."

"Umejuaje, na haijafunuliwa?"

"Naijua kwa mgongo."

Neno lilikuwa limeshatoka. Upepo wa Same ulisukuma bati, ukaacha. Dorkas aliitazama karata ile, akazitazama nyingine, akaanza kuona kona, madoa na mikunjo, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Na ile yangu," alisema taratibu, "uliijua kwa mgongo?"

Bi Salha alitamani kusema hapana. "Niliijua."

"Na wiki ile nyingine?"

"Na ile."

Dorkas aliigeuza karata kwa mkono wake mwenyewe, na yule mtu akalala kati yao na panga zake kumi. Hakuna aliyeuliza ni binti wa nani, maana nyumba ni moja.

Bi Salha hakuwa na kitu kingine alichofundishwa. Aliweka gumba mahali pale pa mama yake. "Tazama hapa," alisema. "Kunakucha."

"Wapi?"

"Hapa."

"Mama Sharifa, hapa ni peupe tu. Mimi sioni kitu."

Ndipo Bi Salha alipoivuta seti ya Sharifa, akaimwaga mkekani picha juu, wakaanza kutafuta wote wawili, mikono ikigongana, wakisukuma kando wafalme na vikombe na farasi. Dorkas ndiye aliyeipata. Mbingu nyeusi, mtu chini, panga kumi, na pale mwisho mstari wa njano ambao haujaguswa na mtu. Aliweka kidole chake juu yake, akaanza kupapasa polepole, akienda na kurudi, anavyopapaswa mgongo mtoto mwenye homa.

"Usisugue, Mama Jenifer," Bi Salha alimwambia. "Tumebaki na huu tu."