Kanuni ya Rukia

Mlio wa kete za pwani zikipangwa kwenye sakafu ya saruji ndio ulioniamsha asubuhi nyingi mwaka ule, nyumbani kwetu Mabawa. Dada yangu Rukia, aliyekuwa darasa la saba, aliandika namba kwa kete: iliyolala kifudifudi ni sifuri, ya chali ni moja, na kila ukisogea kushoto thamani inazidi mara mbili. Alikuwa akisaka namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kete mbili za chali ni tatu, tasa. Kete tatu ni saba, tasa. Tano ni thelathini na moja, saba ni mia moja ishirini na saba, zote tasa. "Idadi ya kete ikiwa tasa, basi na namba yenyewe ni tasa," alisema, macho yakimng'aa. Mwalimu akamchagua aieleze kanuni hiyo mbele ya wazazi siku ya mahafali.

Baba alikwisha kupanga kumpeleka Pangani kwa shangazi, akasaidie dukani badala ya kuendelea na sekondari. "Nitakuja nimsikilize," alisema. "Kisha nitaamua."

Ukumbini, tukingoja zamu yake, nilijaribu kete kumi na moja: elfu mbili arobaini na saba. Nikagawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu. Nilipofika ishirini na tatu hakikubaki kitu. Nikampa Rukia karatasi, akagawa upya.

"Ishia kwenye saba, dada," nikamnong'oneza. "Nani atapiga hesabu hapa?"

"Na mimi nishaiona, nitasemaje?"

Akaitwa. Alieleza vizuri mpaka kete saba. Jasho lilimtiririka chini ya ushungi. "Kwenye kumi na moja," akasema, "kanuni yangu inavunjika."

Nyuma mtu akacheka. Baba akainuka, nami nikajua anaondoka.

"Samahani, mgeni rasmi," akasema. "Mimi ni babake. Hebu atuoneshe, inavunjika wapi?"

Rukia akageukia ubao, akaandika ishirini na tatu mara themanini na tisa. Baba alibaki amesimama mpaka alipomaliza. Safari ya Pangani haikutajwa tena.

Leo mwanangu huiuliza simu kama namba ni tasa, na jibu humfikia kabla hajameza mate. Sioni ubaya. Ila hajawahi kusimama mbele ya watu, namba imemkana, akimtazama baba yake usoni na kungoja neno litakalomtoka.